Shoki moja au shoki mbili: kuchagua maunten baiki ukiwa Malindi

Hili swali naulizwa sana na kila mara na mimi namrudishia mtu swali, utaendesha wapi? Manake mtu anakutumia picha tu usiku, "nimepata dabo shoki bei poa, nichukue?", hajakwambia kama anaenda nayo kazini Casuarina ama anaipeleka milima ya Taita. Sasa wacha niandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, wa kubishana tutabishana baadaye.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mtu wa Malindi, Watamu, Mambrui na huko ndani Ganda hadi Kakuyuni, shoki moja inatosha na mara nyingi inashinda. Shoki mbili ina watu wake, nitawataja, ila wengi wanaoinunua huku wananunua sura. Sisi hatuna mteremko mrefu wa mawe. Tuna mchanga, tuna chumvi, tuna barabara ya murram iliyojikunja kama bati, na katika hayo matatu shoki ya nyuma inakusaidia kwa moja tu, hilo la mwisho.

Tuelewane kwanza kwa wale wageni wa mambo haya. Shoki moja, hadteli, ni ile yenye shoki kwenye foku ya mbele peke yake (foku ni ule uma unaoshika gurudumu la mbele), nyuma fremu imechomelewa moja kwa moja hakuna kinachocheza. Shoki mbili, fuli saspensheni, nyuma imekatwa, mkono unaoshika gurudumu la nyuma unacheza kwenye viungo vinavyoitwa pivoti, kila pivoti ina beringi au bushi zake, alafu katikati kuna shoki ya pili ya hewa au ya springi. Hizo pivoti zishike kichwani, tutazirudia.

Hatua ya 1: andika njia zako za kweli

Toa simu andika njia unazopita kwa wiki, sio zile unazoota kupita. Alafu pima hivi.

Lami, mfano Malindi kwenda Gede alafu Watamu, au kuvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui: hapo shoki ya nyuma ni mzigo. Ukikanyaga pedeli kwa nguvu baiskeli inanesa, kila ikinesa kuna nguvu yako imepotea. Zile nzuri zina loku ya kuifunga isicheze, sawa, lakini basi umelipia kitu ili ukifunge. Na ukiongeza upepo wa kusi unakupiga usoni ukishuka Watamu miezi ya Juni Julai, utatamani kila gramu uiache nyumbani.

Mchanga, na huku mchanga uko kila mahali, vichochoro vya mitaani, njia za mashambani, zile njia nyeupe ndani ya Arabuko Sokoke: shoki haina kazi kabisa hapa, iwe moja iwe mbili. Mchanga unataka tairi pana na upepo mdogo. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanatoka kwa hadteli yenye tairi nyembamba wanahamia dabo shoki yenye tairi nyembamba vilevile na wanashangaa bado wanazama. (Na msitu wenyewe usiingie tu kama unaingia shambani kwa mjomba, ni kilomita za mraba 420 hivi na ndovu wapo, pita ofisi ya msitu pale Gede uulize, lipa, chukua mwongozaji.)

Murram iliyojikunja, zile barabara za ndani kuelekea Marafa na Langobaya sehemu ambazo lami haijafika: hapa shoki mbili inatamba, sibishi. Ile mitetemo mfululizo inakupiga mgongo na makalio, mikono inakufa ganzi, na nyuma ikiwa inacheza gurudumu linabaki chini badala ya kurukaruka. Kama njia zako nyingi ni za hivi, na ni ndefu, masaa, basi weka alama kwa shoki mbili.

Mawe ya matumbawe, vile vipande vikali vya njia karibu na pwani na kwenye machimbo: shoki mbili inasaidia kidogo, lakini kinachokuumiza pale ni ubavu wa tairi kupasuka na hilo ni suala la tairi.

Ufukweni maji yakikupwa, mchanga ule uliobanwa na bahari unakuwa mgumu na unapita vizuri na baiskeli yoyote, tena siku za bamvua maji yanatoka mbali unapata barabara pana bure. Hapa suala ni chumvi, nalo tutalifikia, na chumvi na pivoti hawaelewani.

Wa Lamu mtanisamehe, mji wa kale na vichochoro vyake na punda ni dunia yenu, maunten baiki ya aina yoyote mle ndani ni kujitafutia lawama, na ule mchanga wa Shela kuanzia kwenye matuta unataka baiskeli ya tairi nene kabisa za inchi 4. Lakini nyinyi ndio wa chumvi zaidi yetu, kwa hiyo hatua ya mwisho isomeni.

Hatua ya 2: hesabu pesa na uzigawe

Kanuni ni moja: kwa bei ileile, shoki mbili itakuwa na vitu duni kuliko shoki moja. Haiwezi kuwa vingine, yule mtengenezaji ameongeza shoki ya pili, pivoti, beringi, fremu ngumu zaidi kutengeneza, na bei imebaki palepale, sasa amepunguza wapi? Amepunguza kwenye foku, breki, giya na rimu. Na uzito pia, za bei moja utakuta shoki mbili imezidi kilo 1 hadi 2.

Hatari kubwa ni zile dabo shoki za bei ya chini kabisa, mpya, zinang'aa, zina stika za moto, nyuma zina springi nene ya rangi nyekundu. Ile springi haina kitu cha kuituliza ndani, ni springi tu, ukiibonyeza inarudi na nguvu zote inakurusha. Shoki ya kweli ina oili ndani yenye kudhibiti kurudi kwake. Ukisikia mtu anasema "fuli saspensheni hazifai" mara nyingi alipanda hii. Kwa pesa hiyo hiyo unapata hadteli ya mtumba iliyotoka Uingereza yenye fremu ya alumini ya maana na utaitumia miaka.

Mimi ushauri wangu: pesa uliyonayo, gawa mafungu matano, manne yanunue baiskeli, moja libaki kwa helmeti, pampu, tyubu mbili, spana za eleni, oili ya cheni na kufuli. Ukitumia zote dukani, wiki ya kwanza tu mwiba unakulaza pembeni ya barabara ya Ganda na huna hata kiraka. Na kama ni shoki ya hewa, ongeza pampu ya shoki kwenye hilo fungu, ni pampu ndogo maalum yenye geji na inafika psi 300 (psi ni kipimo cha upepo), ile ya kawaida ya tairi usijaribu, inaingiza hewa nyingi kwa mara moja na ukichomoa nusu imetoka.

Hatua ya 3: muulize fundi wako kabla hujamuuliza muuzaji

Hii watu wanairuka. Nenda kwa fundi wako wa mtaani, yule anayeziba tyubu za boda na za Black Mamba, muulize moja kwa moja: fundi, ushawahi kufungua shoki ya hewa? Pivoti je? Wengi watakwambia ukweli, kwamba cheni, beringi za haba (ile sehemu ya katikati ya gurudumu), spoku, breki za waya wanaweza na mikono yao ni safi, shoki ya nyuma hawajaigusa. Hakuna aibu hapo, spea zenyewe haziko dukani.

RockShox, ambao shoki zao utazikuta nyingi kwenye mitumba, wanasema sehemu ya hewa ya shoki ya nyuma ifunguliwe isafishwe na kubadilishwa sili (zile raba zinazozuia hewa na oili zisitoke) kila baada ya masaa 50 ya kuendesha. Masaa 50 ni machache, mtu anayeendesha kila wikendi anayamaliza ndani ya miezi michache. FOX wao wanasema masaa 125 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Sawa, tuseme huku tunazembea tunapitisha mara mbili yake, bado siku itafika na hiyo siku utatafuta sili kwa namba ya modeli, uagize Nairobi au nje, usubiri. Foku ya mbele pia inataka huduma, ila foku moja ni nusu ya kazi na foku ikifa kabisa unafunga nyingine hata isiyo na shoki na maisha yanaendelea. Shoki ya nyuma ikifa, baiskeli imelala, manake kila fremu inataka shoki ya urefu wake. Imeandikwa mwilini mwake, mfano 210 x 50, urefu kutoka tundu hadi tundu na mwendo wake kwa milimita, ukiweka tofauti umeharibu mpangilio wote.

Pivoti zina afadhali kidogo. Beringi nyingi za pivoti zina namba ya kawaida kabisa imechongwa ubavuni, kama 6902 au 6802, na maduka ya beringi Mombasa wanazijua hizo namba kwa sababu mashine nyingine pia zinatumia. Kwa hiyo ukishanunua shoki mbili, siku unapoifungua piga picha kila beringi na namba yake uweke kwenye simu.

Kwa hiyo nani achukue shoki mbili

Naiweka hapa katikati kwa sababu ndipo uamuzi ulipo. Chukua shoki mbili kama mgongo wako una historia na daktari amekwambia upunguze mitetemo lakini baiskeli huachi. Chukua kama unasafiri nayo kweli kwenda kwenye milima, Taita, Ngong, njia za mizizi na mawe, sio mara moja kwa mwaka. Chukua kama unapita murram mbovu masaa mengi kila wiki. Chukua kama wewe mwenyewe ni fundi au unapenda kufungua vitu. Na pesa iwe imetosha kununua nzuri, sio ya springi nyekundu.

Usichukue kama unabeba mzigo. Hili ni kubwa kwetu, baiskeli huku inabeba dumu la maji, unga, samaki, mtoto wa shule. Hadteli nyingi zina matundu ya kufungia keria nyuma, unafunga keria ya chuma na umemaliza. Shoki mbili nyingi hazina, zile keria za kubana kwenye bomba la siti uwezo wake ni kama kilo 10 na zaidi ya hapo unaomba matatizo, na uzito ukiuweka nyuma shoki inakaa chini muda wote haina nafasi ya kucheza.

Kuna hoja utaisikia, kwamba mabingwa wa Olimpiki wanatumia shoki mbili. Ni kweli, Jaroslav Kulhavý alichukua dhahabu London 2012 na fuli saspensheni na Nino Schurter akafanya hivyo Rio 2016. Lakini wale wana fundi wa timu anayewasubiri na beringi mpya mkononi, wewe una fundi aliyefunga saa saba kwenda kuswali na kula.

Hatua ya 4: saizi, usiifanyie mzaha

Simama juu ya fremu miguu yote chini, kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole vitatu minne angalau. Kwa mtu wa sentimita 165 hadi 175 hivi, fremu ya inchi 17 au M ndio ya kuanzia, mrefu zaidi panda L, mfupi shuka S. Kubwa sana huwezi kuirekebisha kwa kushusha siti. Magurudumu, 26 ni ya zamani ila tyubu zake zinapatikana karibu kila duka la spea, 27.5 na 29 ni za sasa, 29 inapita mchanga na mashimo vizuri zaidi lakini uliza kwanza duka lako kama wana tyubu zake, wasipokuwa nazo nunua tatu utakapozipata uweke ndani.

Hatua ya 5: kagua mtumba kabla hujatoa shilingi

Muuzaji atakwambia "bosi hii haina maneno, ni kupanda tu". Mwambie "sawa kaka, nipe dakika kumi tu niiangalie" na usione haya, kwenye jua nzuri sio ndani ya duka lenye giza. Jina kwenye fremu linakusaidia kujua unachoangalia: Trek Marlin, Giant Talon, Specialized Rockhopper hizo ni hadteli, Trek Fuel EX, Giant Trance, Scott Spark hizo ni shoki mbili. Lakini stika mtu anaweza kubandika popote, kwa hiyo jina liwe mwanzo tu.

Anza na zile nguzo mbili zinazong'aa za foku. Pitisha ukucha polepole toka juu hadi chini, pande zote, hasa nyuma ambako macho hayafiki. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo au kidoti cha kutu, hiyo foku itakula sili kila ukibadilisha, na baiskeli zilizosafiri kwa meli au zilizokaa karibu na bahari zina vidoti hivyo vidogo kama chawa. Vidoti vya juu kabisa, pale sili haifiki, vinavumilika. Vya katikati, toka.

Bonyeza foku kwa uzito wako wote huku umeshika breki ya mbele. Irudi taratibu bila kugonga. Ikirudi kwa kishindo au ikitoa sauti ya kufyonza na oili inachuruzika, hesabu gharama ya sili kwenye bei. Breki ya mbele bado umeshika, sukuma baiskeli mbele nyuma, ukihisi mgongano wa tok tok chini ya hendobari ni beringi za shingo, hizo ni bei ndogo lakini tumia kuombea punguzo.

Kama ni shoki mbili, hapa ndipo unapookoa pesa zako. Mtu mmoja ashike fremu mbele, wewe shika siti uinue taratibu sana, juu kidogo tu, gurudumu likiwa bado chini. Ukisikia kimlio au ukihisi kitu kinacheza kabla gurudumu halijainuka, kuna pivoti au bushi imekula. Alafu shika gurudumu la nyuma lisukume kushoto kulia huku kidole cha mkono mwingine umekiweka kwenye kiungo cha pivoti, utahisi kama kiungo kinatembea. Mwishowe kaa juu yake uangalie shoki yenyewe, ikizama ikakaa chini haipandi, hewa imetoka au sili zimekufa, na muuzaji atasema "inataka kupigwa upepo tu". Apige basi, ukiwa hapo, ungoje robo saa.

Fremu angalia kwa kidole kila mahali penye mchomeleo, chini pale pedeli zinapofungwa, nyuma ya shingo, karibu na pivoti. Ufa unaanza kama unywele kwenye rangi. Rangi mpya iliyopigwa kwa spirei sehemu moja tu ya fremu, uliza kwa nini, na jibu lisipokuridhisha ondoka.

Cheni ipime na futi: weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu inchi 12. Cheni mpya pini inaangukia 12 kamili. Ikiwa imezidi moja ya 16 ya inchi, cheni imechoka, ikizidi moja ya 8 basi cheni imeshakula na meno ya giya, na hapo unanunua cheni na kaseti yote, yaani yale meno ya giya ya nyuma.

Breki za diski nazipendelea huku kuliko za kubana rimu, mchanga ukiingia kwenye raba za rimu unasaga rimu kama msasa. Za waya fundi yeyote anarekebisha, za oili zina nguvu zaidi lakini angalia jambo moja ambalo limeua breki nyingi: Shimano wanatumia oili ya madini, SRAM nyingi zinatumia DOT. Ukimwacha mtu ajaze breki ya Shimano na ile oili ya breki ya gari, sili zote ndani zinavimba na kufa, na utaambiwa breki ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Hatua ya 6: tairi, hapa weka pesa iliyobaki

Kama kuna kitu kimoja utabadilisha siku ya kwanza ni tairi. Angalia nafasi kati ya tairi na fremu pande zote mbili, weka pana kadiri itakavyoingia mradi ibaki milimita 6 hivi kila upande, kwa hadteli ya kawaida ni inchi 2.2 mpaka 2.4. Hiyo tairi ya 2.4 yenye upepo wa chini ni shoki yako ya nyuma, haina pivoti, haina sili, haitaki fundi.

Upepo, mtu wa kilo 70 hivi: kwenye lami 35 hadi 40 psi, murram 28 hadi 30, mchanga mtupu shusha hadi 20 uone tofauti, ile tairi inalala inaelea badala ya kuchimba. Ukirudi kwenye mawe pandisha tena, manake tyubu ikibanwa kati ya rimu na jiwe inatoboka matundu mawili pamoja. Na vali, kuna nene kama ya pikipiki na kuna nyembamba ya shaba. Nyembamba haishiki pampu ya petroli steshoni wala ya boda, nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba ukifunge kwenye ufunguo wa nyumba usikipoteze.

Miiba ya mathenge na migunga inaingia tyubu yoyote. Ukiweza hamia tairi zisizo na tyubu, unamimina ile dawa nyeupe ya kuziba, mwiba unaingia dawa inaziba unaendelea na safari. Ila joto letu linaikausha, ongeza kila miezi miwili mitatu. Kwa matumbawe beba kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, ukipasuliwa unakiweka ndani kati ya tyubu na ufa, unafika nyumbani.

Hatua ya 7: seti shoki kwa uzito wako

Muuzaji hakujui uzito. Vaa unavyovaa kuendesha, bebesha mgongoni maji yako, panda taratibu umeegemea ukuta. Kwenye nguzo ya foku kuna ringi ya raba, kama haipo funga zipu tai ndogo isibane sana. Isukume hadi chini kwenye sili, kaa, shuka bila kudundisha, alafu pima imepanda kiasi gani. Foku ya milimita 100 ikizama 20 ni sawa, ya 120 izame 25 mpaka 30. Shoki ya nyuma pima mwendo wa shoki yenyewe sio wa gurudumu, ikiwa mwendo ni 50 izame 15. Ikizama zaidi ongeza hewa, ikizama kidogo punguza, psi 5 kwa 5, rudia. Foku ya springi kuna kifundo juu cha kukaza, kinasaidia kidogo tu, usikitarajie miujiza.

Hatua ya 8: chumvi

Hewa ya hapa inakula chuma hata baiskeli ikiwa imelala sebuleni. Ukitoka ufukweni, siku hiyohiyo, sio kesho, mwagia maji baridi ya bomba. Sio ya kisima, visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi, utakuwa unaiosha kwa kitu kilekile unachokikimbia. Na usiipeleke kuoshwa pale wanapoosha magari, ile presha inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi na sili, shoki mbili inapata hasara mara mbili. Ndoo, kitambaa, brashi kuukuu ya meno kwa cheni.

Ikikauka futa nguzo za shoki na kitambaa safi, mchanga unaobaki pale ndio unaokata sili. Cheni tia oili ya cheni tone moja kila pini, subiri, alafu ifute mpaka nje ionekane kavu. Ile oili chafu ya injini wanayopenda kukupakia bure inashika mchanga inakuwa tope la kusagia, ikatae kwa heshima. Bomba la siti lichomoe kila mwezi ulipake grisi, alumini na chuma vikikaa pamoja na chumvi vinashikana na siku utakayotaka kushusha siti utahitaji msumeno. Kwenye maji ya bahari yenyewe usiingie hata kwa picha, mawimbi yakifika kwenye haba ile chumvi inakaa ndani ya beringi na hakuna ndoo itakayoitoa.

Wiki mbili za kwanza kaza tena kila bolti, pivoti kama unazo kaza kwa ile namba ya Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye bolti yenyewe na sio kwa nguvu za mkono, alumini inavuliwa nyuzi haraka, na za keria ziangalie kila Ijumaa kabla hujabeba chochote.